Faili la Mkubwa wa Mapacha

Sijifichi: miaka ile ya vita, kuanzia Uvira hadi mpaka wa Burundi, hakukuwa na mtu aliyejua kupandisha faili kwenye tovuti kunishinda. Pengine hakukuwa na mwingine kabisa, lakini hilo halinipunguzii sifa. Nilikuwa nimesoma hesabu Ulaya, na chuo kikuu changu kilimpa kila mwanafunzi nafasi ndogo kwenye seva yake aweke ukurasa wake binafsi. Wenzangu waliweka picha za likizo. Mimi nilirudi nyumbani kufundisha, vita ikanikuta, na watu wa chuo wakasahau kunifungia mlango.

Ile nafasi nikaifanya ubao wa barua. Watu wetu walikuwa wametawanyika: wengine kambini upande wa Kigoma, wengine Zambia, wengine hawajulikani walipo. Aliyebaki Uvira alikuja kwangu shuleni baada ya masomo, akanitajia maneno yake, nami nikayaandika kwenye ordinateri, ile kompyuta ya ofisi, na kuyatia kwenye disketi. Mara moja kwa juma nilivuka mpaka pale Kavimvira, nikaenda Bujumbura kwenye chumba cha intaneti, nikazipandisha barua zote. Anuani ya ukurasa ilikuwa ndefu na ilikuwa na alama ya kiwimbi katikati. Watu waliinakili kwenye vikaratasi vilivyovuka ziwa ndani ya mifuko ya mashati. Aliyekichora kiwimbi vibaya nilimrudishia karatasi, aanze upya, awe mtoto au mzee wa kanisa.

Sheria zangu zilikuwa kali. Barua haitaji kijiji, haitaji jina la baba wala la ukoo. Vita ilikuwa na masikio mengi, na sikutaka mtu atafutwe kwa sababu ya ukurasa wangu. Kila barua ilikuwa faili moja, na faili lilibeba jina moja tu, la yule anayeandikiwa. Kwenye ukurasa wa mbele unabonyeza jina, barua inafunguka. Kabla ya kurudi nilifuta disketi yote, maana askari wa mpakani walipenda kupekua. Nilijiona mwerevu kupita kiasi.

Nilichosahau ni kitu ambacho kila mtu wa huku anakijua. Mapacha hawatafutiwi majina, wanazaliwa nayo. Anayetoka kwanza ana jina lake, wa pili ana lake, na ni majina yale yale katika nyumba nyingi za bonde la Ruzizi na za milimani. Darasani kwangu tu walikuwepo watatu wenye jina la mkubwa wa mapacha, na niliwatofautisha kwa majina ya baba zao. Na majina ya baba ndiyo niliyoyapiga marufuku.

Mkulima mmoja wa mpunga kutoka Lubarika, aliyekimbilia mjini na mke wake, aliniletea maneno ya kumpelekea mkubwa wa mapacha wake, kijana aliyekuwa amevuka ziwa. Maneno machache: sisi ni wazima, mdogo wako ni mzima, tupe habari zako. Nikayapandisha. Majuma mawili baadaye akaja mama mmoja aliyeshuka kutoka Bijombo. Naye alikuwa na mkubwa wa mapacha wake huko ugenini, lakini ujumbe wake ulikuwa mzito: baba yenu ametutoka kwa ugonjwa, tumemzika vizuri, mdogo wako ni mzima, usirudi bado. Nikavuka, nikapandisha. Seva haikuniuliza kitu. Faili jipya lilikaa mahali pa lile la zamani na kulifuta. Kwenye orodha ya ukurasa wa mbele niliona lile jina mara mbili, nikaridhika. Sikubonyeza kuona kwamba yote mawili yanafungua barua moja, ile ya msiba.

Mwezi haukuisha, likaja jibu kutoka Lusaka kwa barua pepe, nikalitoa kwenye karatasi kule Bujumbura. Nina tabia ya kutosoma barua ya mtu kabla yake mwenyewe, kwa hiyo niliangalia tu mwisho. Kijana alikuwa amevunja sheria yangu na kuandika jina la baba yake, na ndilo lililonionyesha nyumba ya kwenda. Niliikunja ile karatasi, nikaipeleka kwa yule mkulima nikiwa na furaha kubwa. Tuliketi uani. Mke wake aliacha kuchekecha unga akaja kusikiliza, nami nikaanza kusoma kwa sauti ya darasani.

“Mama, nimepata habari ya baba. Nimenyoa kichwa. Nimekaa chini siku tatu, watu wa kanisa wamekaa nami. Nisamehe sikuwepo kutupa udongo kaburini.”

Hapo nilikwama. Aliyezikwa alikuwa mbele yangu, mikono magotini.

“Soma tena, Madamu,” akasema.

Nikasoma tena.

“Sasa miye nilikufa siku gani?”

Hakuwa anatania. Mke wake alianza kulia kama mtu aliyeletewa habari mpya. Mimi nilielewa papo hapo, na aibu ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Niliwaeleza yote: majina, faili, ile barua ya mama mwingine.

“Barua yangu weye ndiye uliifuta?”

“Ni mimi, Baba.”

“Na mutoto iko ananililia.”

“Ndiyo.”

Nilitamani anitukane. Yeye alifikiri kwanza, kisha akasema, “Kwa ukurasa yako alisoma kwamba nilikufa. Ukiandika tena pale kwamba niko muzima, atasema mama yake iko anamufariji tu. Hapana. Anione.”

Alikuwa na haki. Mpiga picha wa barabarani alimpiga akiwa amesimama, kofia kichwani, na akakataa kutabasamu. Kisha mpaka ukafungwa. Siku tisa nilikwenda Kavimvira asubuhi na kurudishwa, na kila siku niliyorudishwa nilijua kuna mtu Lusaka anayemlilia baba mzima kwa sababu yangu. Nilikuwa mkali darasani siku zile, na wanafunzi hawakukosa lolote. Siku ya kumi nilipita. Bujumbura niliipitisha picha kwenye skana, umeme ukakatika ikiwa imepanda nusu, nikaanza upya. Safari hii niliyapa mafaili namba, na sikuondoka mpaka nilipobonyeza jina kwa mkono wangu na kuiona ile kofia ikishuka kwenye kioo.

Jibu lilipokuja nililisoma lote kwanza, tabia au si tabia. Kisha nikampelekea mzee.

“Baba, picha ilifunguka polepole kuanzia juu. Niliona kofia, nikasema kofia ni ya mtu yeyote. Yalipofika macho nilisimama, watu wote wakaniangalia. Namshukuru Mungu. Lakini Baba, nimemlilia nani?”

Mzee alinitazama. Jina sikumpa. Nilimwambia tu kwamba ni mume wa mama mmoja kutoka Bijombo, na kwamba huyo mama amepanga chumba si mbali na shule. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti.

“Unipeleke.”

Tulimkuta yule mama akichambua maharage mlangoni. Alituletea kiti, mzee hakukitaka. Aliketi chini, miguu ameinyoosha, kama watu wanavyoketi kwenye kilio.

“Mama, pole. Bwana yako sikumujua. Lakini mutoto wangu iko Zambia, alisoma barua yako, akafikiri ni yake. Alinyoa kichwa kwa ajili ya bwana yako. Nimesema nisikae na hiyo habari peke yangu.”

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, na maneno nilikuwa nayo tayari. Hakuna aliyeyahitaji. Yule mama alishika maharage mkononi bila kuyaangalia.

“Wangu hajajibu mpaka leo,” akasema. “Nilifikiri hakuna mutoto aliyemulilia.” Akayaweka maharage chini. “Alimulilia muzuri?”

“Siku tatu,” mzee akajibu. “Chini.”