Tundu Lilikuwa Wapi?

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa hodari wa kuziba nguo iliyoungua na pasi usijue ilipoungulia, lakini wateja walikuwa wamemkimbia, akabaki kufukuza nzi. Binti yake akashauri watangaze kazi mtandaoni. Katika video ya kwanza, mama alivaa gauni lake la ibada, akasalimia wazee, vijana, wagonjwa na wasafiri, akaomba dua ndefu. Hakuna mtazamaji aliyefika kwenye sindano.

"Mama, ukimaliza salamu watu wameshajiendea zao."

"Sasa nianze kazi bila kumtaja Mungu, mwanangu?"

"Mtaje kabla sijawasha simu. Anasikia hata bila kamera."

Mama alicheka mpaka miwani ikamteleza. Akaomba, kisha binti akawasha. Safari hii video ilianza na tundu jeusi la koti, kwa karibu mno usijue ni sehemu gani, na kidole cha mama kikichungulia ndani yake. Ikafuata sindano, na uzi uliochomolewa kwenye pindo la koti lenyewe. Mwisho koti zima likatandazwa mezani, na binti akauliza, "Tundu lilikuwa wapi?"

Watu waliirudia video, wakabishana. "Begani!" "Acha uongo, ni mfukoni!" Hakuna aliyepatia.

Kesho yake wateja walijaa mlangoni na nguo zao mikononi.

"Ndiye wewe Mama Tundu?" mmoja akauliza.

"Mikono ni yangu," akajibu mama, akimnyooshea binti yake kidole kilekile cha kwenye video. "Akili ya kuwashika nyinyi ni ya huyu. Na huyu nimemzaa mimi."