Kitabu cha Mwali

Mtoto wa kaka yangu alipokuwa ndani anafundwa, wanawake wa Mwananyamala walianza kuniuliza mapema: shangazi mtu, siku ya kumtoa mwali utaleta nini? Wenzangu walishataja doti za kanga, masufuria, seti za vikombe. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, Kariakoo imefurika vitu ambavyo sisi wa foleni za sabuni tulikuwa tukivisikia tu. Nikawaambia nitaleta kitabu. Wakacheka, wakadhani natania.

Sikuwa natania. Yule binti namjua. Akitumwa maandazi, alikuwa anasimama njiani kusoma kipande cha gazeti yalimofungiwa, maandazi yanapoa. Habari ikikatikia njiani, ananifuata kwangu Temeke kuniuliza, "Shangazi, unadhani iliishaje?" Sasa alikuwa kamaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, na mama yake, wifi yangu, alikwishasema habari ya vitabu basi. Vile vya shule akavigawa kwa watoto wa jirani. Niliumia utadhani vilikuwa vyangu. Nilijua kitabu kisipoingia nyumba ile kwa mkono wangu, hakiingii tena.

Kukipata ilikuwa shughuli. Duka nililolizoea lilikuwa limegeuka la redio na viatu vya plastiki. Nikabaki na wauza vitabu vya mtumba, wanaotandaza chini pembeni mwa barabara. Muuzaji alipojua ni zawadi ya msichana, akanipangia: maswali na majibu ya mtihani, adabu za mke mwema, mapishi, kisa cha binti aliyewakaidi wazazi akaishia pabaya.

"Hivi vyote vina mafunzo, sista."

"Ndiyo maana sivitaki."

Mtu katoka kufundwa mwezi mzima, umwongezee mafunzo? Huko ni kumkaribisha mgeni aliyeshiba ugali kwa sahani nyingine ya ugali. Mie nina kipimo changu. Nafungua ukurasa wa kwanza nimesimama juani. Nikilisahau jua, nanunua. Nilivirudisha vingi hadi muuzaji akaanza kununa. Kisha nikaangukia riwaya ya msichana anayejifunza kwa siri kuendesha lori la baba yake. Jalada lilikuwa limechanika pembeni. Nikasoma mpaka yule bwana akaniuliza kama pale ni maktaba.

Siku yenyewe ilipofika nikakifunga kwa kitambaa cheupe, kwa kuwa zile karatasi za kung'aa sizipendi. Hapo ndipo nilipokosea. Mwali alikuwa amekaa mkekani uani, kafunikwa kanga gubigubi. Mwiko wake: hasemi, hanyanyui macho, hagusi kitu mpaka zawadi ziishe. Kungwi, yule mama mtu mzima aliyemfunda, alikuwa akinyanyua zawadi moja moja na kuitangaza, vigelegele vinapigwa. Alipofika kwenye yangu akakipapasa kitambaa. Akaibusu. Akaigusisha kwenye paji la uso.

"Mashaallah! Shangazi mtu kaleta msahafu!"

Ua mzima ukatulia kwa heshima. Wifi akainuka, machozi yanamlengalenga, aupokee akauweke juu ya kabati, mahali ambapo mtu hapeleki mkono bila udhu.

Ningenyamaza, ningeondoka na sifa zangu. Lakini kukiita msahafu kwa uongo sikuweza, na kitabu cha juu ya kabati ni kitabu kilichozikwa.

"Unisamehe, mama," nikamwambia kungwi. "Huo si msahafu. Ni kitabu cha hadithi."

Vicheko vikazuka, halafu minong'ono. Wifi akawaka. "Hadithi! Sie tumemfunda ukubwa, wewe unamletea utoto?"

Kungwi akakifungua kile kitambaa, akakigeuza kitabu huku na huku. "Kina mafunzo gani?"

"Hakina, mama. Ni kitamu tu."

"Basi hakitangazwi. Chukua kitabu chako, ulete kanga kama wenzio."

Hasira zikanipanda. "Sileti kanga. Zawadi ya shangazi hairudishwi, nyie wenyewe mnajua. Kanga anazo za kufungulia duka. Kitu cha kumchekesha akiwa peke yake, nani kati yenu kamletea?"

Kungwi akaunyoosha mkono kunirudishia kitabu, kikapita mbele ya mwali. Mkono ukachomoka chini ya kanga, una hina mbichi mpaka kwenye kucha, ukakikamata. Kungwi akavuta. Mkono nao ukavuta. Kungwi akauchapa kofi, haukuachia. Binti hakusema neno, hakunyanyua uso, lakini kitabu kikaingia chini ya kanga chote, tukabaki tunaona tu jinsi alivyokikumbatia.

"Mwali kavunja mwiko!" wifi akapiga kelele.

"Faini!" wakadakia wengine. "Mwiko una faini!"

Nilikuwa nimejitanda kanga mpya, nimeinunua kwa ajili ya siku ile. Nikaivua mabegani mbele ya wote, nikaiweka mapajani mwa kungwi.

"Faini yake hii hapa, mama," nikamwambia. "Na akivunja tena, mniite mie."