Daktari Alikuja kwa Ajili ya Ng'ombe

Kaka yangu mkubwa anaamini kwamba mtu aliyekulia kwenye ng'ombe anajua ugonjwa wa kila kiumbe chenye miguu minne. Nilipopelekwa Mbeya kwa mafunzo ya kazi, nilitoka nyumbani Ipogolo na mbwa wangu, jike la rangi ya kahawia, nikafikia kwake Iyunga. Alitupokea vizuri, hilo simnyimi. Lakini nikikumbuka yaliyotokea pale, hasira inanipanda upya.

Ulikuwa msimu wa mahindi mabichi. Jioni tulikula ya kuchemsha, na kaka alikuwa na mchezo wake: anachovya gunzi kwenye mchuzi wa nyama, anamtupia mbwa, anacheka akisikia linavyovunjika menoni. Nilimkataza.

"Mwache na yeye afaidi," alisema, akachovya jingine.

Asubuhi mbwa akatapika. Namjua mbwa wangu. Huwa anakula majani, anatapika povu la njano, muda si mrefu anakuja kudai chakula. Safari hii alitapika uji, akatapika maji matupu, kisha akawa anajikamua bila kutoa kitu, mgongo umejikunja. Choo hakupata kabisa.

"Kaka, huyu anaumwa. Nipe namba ya daktari wako."

"Daktari wa ng'ombe umwitie mbwa? Unataka majirani wanicheke? Mbwa anajitibu mwenyewe."

Wifi alinionea huruma, akaleta maziwa. Yote yakarudi. Kaka naye akaja na chupa ya mafuta ya kula, akataka kummiminia kooni ili tumbo lilainike. Nikasimama katikati yao.

"Yataingia mapafuni, kaka! Hujui unachofanya!"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana baba yetu.

Kesho yake ng'ombe wake akakataa majani. Kukataa majani tu! Kaka alipiga simu hata chai hajanywa, na daktari akafika na pikipiki, begi mgongoni. Kaka akamwongoza moja kwa moja kuelekea bandani. Walimpita mbwa wangu kando ya tanki la maji, amelala kifudifudi, hata kichwa hakuinua. Nikawafuata. Kaka akageuka, akaninong'oneza kwa Kihehe chetu nisimwaibishe mbele ya mgeni.

Mimi sikunong'ona.

"Daktari, kuna mbwa anakufa hapo nyuma yako!"

Akarudi. Alimfunua mdomo; fizi zilikuwa zimepauka na kukauka. Akavuta ngozi ya shingo, ikachelewa kurudi mahali pake. Alipombonyeza tumbo, mbwa akalia.

"Maji yanakaa tumboni?"

"Hayakai tangu jana."

"Basi mngeniita jana. Mbwa akitapika mara moja, akaendelea kula na kucheza, unamwangalia tu. Akishindwa kubakiza hata maji, au akitapika damu, au tumbo likijaa na kuuma, usisubiri. Amekula nini?"

"Muulize kaka."

Kaka akatazama bandani. "Labda gunzi," alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Mbwa alipasuliwa siku hiyohiyo kwenye kliniki ya daktari mjini. Kipande cha gunzi kilikuwa kimekwama, na utumbo pale umeshakuwa mweusi. Ikabidi sehemu yake ikatwe. Nililia nje ya chumba kile, na haikuwa huzuni. Nilikuwa nalia kwa hasira, kwamba mnyama anakatwa utumbo kwa sababu mtu alitaka kucheka baada ya chakula. Ng'ombe, kwa taarifa yenu, jioni alikuwa anakula kama kawaida.

Mbwa alipona, polepole, kwa uji laini na vijipande vya kuku. Mafunzo yalipoisha tukarudi kwetu.

Baadaye kaka na wifi walikuja kututembelea Ipogolo. Baada ya ibada niliwaalika wanajumuiya wenzangu chai, na mbwa akapita akinusa viatu vya wageni. Kaka akamnyooshea kidole.

"Huyu bila mimi angeshaoza. Mimi ndiye niliyemwita daktari."

Wageni wakampongeza. Nikaweka birika chini.

"Ulimwita kwa ajili ya ng'ombe, kaka. Huyu ulimpita."

Wageni wakamgeukia kaka. Wifi peke yake akasema taratibu, "Ni kweli, alimpita."

Kaka akasogeza kikombe, akaomba sukari. Mpaka leo hajaniambia hata pole.