Mndulele wa Kona ya Shamba

Kwa nini wadudu hawakuugusa mndulele mmoja tu, ule wa kona ya shamba letu la pamba? Mingine yote ilikuwa imetobolewa majani kama chujio. Nilimuuliza bibi, mama yake baba, msimu ule ushirika ulipoyumba na wanunuzi binafsi wakaanza kufika Bariadi na magari yao. Sumu ya kupulizia pamba, iliyokuwa ikigawiwa na ushirika, sasa iliuzwa gulioni kwenye chupa zisizo na maandishi. Baba aliinunua na kuipulizia kwa bidii, na harufu yake kali ilituingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye uji.

Bibi alitibu nusu ya kijiji kwa mndulele. Tunda lake la njano alilichoma kwenye majivu, akalivisha kama kofia kidole kilichotunga usaha. Maji yake aliyapaka kwenye mapunye. Mizizi aliichemsha kwa ajili ya tumbo, na hapo alikuwa na sharti alilorithi kwa mama yake: usichimbe mti ulioliwa na wadudu, tafuta wenye majani mazima. Kwa hiyo mdogo wangu Kabula alipolia tumbo, tulikwenda moja kwa moja kwenye kona ile.

"Bibi, mbona huu haujaliwa?"

"Una nguvu, mayu, mama yangu."

"Nguvu imeitoa wapi?"

Akacheka. "Wewe ulizaliwa umetanguliza mdomo. Shika jembe."

Kabula alikunywa kikombe kizima, akakunja uso, akaomba sukari. Kabla mbuzi hawajarudi alikuwa anatokwa na mate na jasho, na mboni za macho zimesinyaa zikawa kama punje za ulezi. Baba alimpakia kwenye baiskeli, mama akikimbia nyuma. Alifia njiani, hospitali ikiwa bado mbali.

Baada ya msiba watu walianza kumsalimia bibi kwa mbali. Macho yake, mekundu kwa moshi wa miaka yote, yakawa habari ya uchawi kisimani. Hakuchimba tena mzizi wowote. Alikaa mlangoni akitazama upande wa shamba, na alipokufa, waliokuja kuzika walikuwa wachache.

Nimesoma hadi chuo kikuu, na tabia ya kuuliza haijaniacha. Juzi, stendi ya Bariadi, kijana alikuwa akiuza unga wa mizizi ya mndulele kwenye makopo, akitaja magonjwa unayoponya bila kuvuta pumzi. Nikamuuliza mizizi ameichimba wapi. Akasema, "Dada, wewe nunua tu, ni asili hii."

Niliporudi nyumbani nikamsimulia baba, naye akakiweka chini kikombe cha chai. Kisha akaniambia kwamba msimu ule, kila alipomaliza kupulizia, alikuwa akilisuuzia bomba la kupulizia pale kwenye kona, chini ya mndulele, ili asiilete sumu nyumbani kwenye watoto.