Nice na Wageni Wasiokohoa

Nice ni fundi cherehani hapa Sekei. Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ua wa michongoma ambao haujawahi kumzuia jirani kusikia jambo. Binti yake, Simaloi, alizaliwa njiti, miezi saba haijatimia, kilo moja na kidogo, akakaa hospitali wiki saba akisaidiwa kupumua kwa mashine. Siku ya kuruhusiwa daktari alimwambia mama yake, "Mafua kwako wewe ni kamasi. Kwa huyu ni kulazwa." Hakukosea. Kabla ya kutimiza mwaka mtoto alilazwa mara mbili kwa nimonia, na ile mara ya pili Nice alishinda siku nne akitazama mbavu za mwanawe zikibonyea kila anapovuta pumzi.

Alipotoka huko hakuwa mtu wa kujadiliana. Jiko la mkaa alimpa jirani, akanunua la gesi. Mlangoni akaweka ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Anayeingia ananawa. Mwenye mafua au kikohozi haingii. Na mtoto habusiwi, awe mzuri namna gani.

Ungedhani kafuta Krismasi.

Tulimwita Bi Afya. Nakiri, jina hilo nililitunga mimi, na nililiona la kuchekesha sana. Mama mmoja wa jumuiya alikataa kunawa kwa sababu ametoka kuoga. Mwingine alisema mikono yake inashika Biblia kila asubuhi, itakuwaje na wadudu? Na kikohozi hakuna aliyekuwa nacho. Mwezi wa saba, baridi ya Mlima Meru imeshuka mpaka kwenye mifupa, watu wanabweka kama mbwa wa getini, lakini ukiwauliza: ni vumbi. Ni aleji. Ni pilipili ya jana.

Ndipo akaja mama mkwe, Bibi Naeku, kutoka upande wa Ngaramtoni, amebeba maziwa na shuka linalonukia moshi wa kuni wa miaka arobaini. Nice alimsalimia kwa adabu zote, kisha akamwomba abadilishe nguo kabla ya kumpakata mjukuu. Bibi alibadilisha, ila siku hiyo hakula. Akampigia simu mwanawe Lemayian, ambaye ni dereva wa watalii: "Mkeo kaniambia nanuka."

Lemayian alimwahidi mama yake kwamba atazungumza na mkewe. Mkewe alipopiga, alimwahidi kwamba atazungumza na mama yake. Kisha akaingia hifadhini, ambako mtandao hupotea kwa namna inayowafaa sana wanaume.

Ukoo ukaona uingilie kati. Jumamosi akaja Solomoni, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Bibi Naeku, mzee wa kanisa, na wanaume wengine wawili waliokuja kutikisa vichwa. Nice alikuwa amepanga viti uani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Leo tunapokelewa nje, kama wachuuzi?"

"Samahani, baba mkubwa. Nimesikia kuna anayekohoa."

"Nani?" akauliza Solomoni, akakohoa.

Wale wawili wakatazama viatu vyao.

"Hili ni vumbi la njiani," akasema.

Alizungumza saa nzima. Alieleza heshima ya ukoo, heshima ya wazee, jinsi sisi sote tulivyokulia kwenye moshi na tukawa watu. Kila heshima ilikatwa na kikohozi. Nice alijibu "ndiyo, baba" na kumwongezea chai ya tangawizi, lakini mlango hakuusogelea. Mwishoni mzee akasimama. Akasema atamwekea mtoto mkono kichwani, amwombee, na hakuna ndoo itakayomzuia mtumishi wa Mungu. Akafuta pua kwa kiganja, akaelekea mlangoni.

Bibi Naeku, ambaye muda wote alikuwa ameketi pembeni, akainuka na kusimama mbele yake.

"Shemeji, rudi ukae."

"Mama Lemayian, nimekuja kwa ajili yako!"

"Mkono huo umetoka puani sasa hivi. Nimeuona." Sauti yake ilikuwa ndogo, tulilazimika kusogea kwenye michongoma. "Mtoto wangu wa tatu alibanwa kifua hivi hivi. Mlikuja kumsalimia na mafua yenu, mkapokezana kumbeba. Wiki iliyofuata mkaja kumzika. Mkasema ni jicho baya. Na mlikula vizuri sana."

Solomoni alirudi kitini. Aliomba kutoka hapo hapo, akiwa ameuelekea ukuta, na maombi yalikuwa mafupi.

Wiki iliyofuata alilala kitandani na homa, pamoja na wale wawili na nusu ya kwaya. Simaloi hakupata kitu.

Bibi Naeku hakurudi kwake. Alibaki, na Nice akagundua kwamba alikuwa amejiachisha mwenyewe kazi ya ulinzi wa mlango na kuajiri jeshi zima. Mwezi wa nane mteja alileta gauni la harusi pamoja na mafua, Nice akayapata. Asubuhi alikuta godoro lake kwenye chumba cha cherehani.

"Mama, ni vumbi la vitambaa tu," akasema kupitia dirisha.

"Vaa barakoa. Na usiegemee hapo."

Siku tisa alimwona mwanawe kwa mbali, akiwa mgongoni mwa bibi yake. Nice alilia, na nadhani safari hiyo Bibi naye alilia, ila mlango haukufunguliwa.

Juzi Solomoni alitoa ushuhuda kanisani. Alisimulia jinsi maombi yake yalivyomlinda mjukuu wake njiti msimu mzima wa baridi, na watu wakapiga makofi. Nilikimbia kumpelekea Nice habari hizo, nikitumaini hasira. Aliendelea kupinda upindo.

"Sawa," akasema, "mradi aliombea nje."

Simaloi sasa anatembea. Akicheka sana kifua hupiga mluzi kidogo, na bibi yake huacha kila kitu akasikiliza mpaka kitulie. Kliniki ni tarehe kumi na nne, na daktari bado hajasema amepona.