Injini ya Mzee Eginald

Sitakuapia. Ukitaka kuhakikisha, panda Matogoro uulize nani ana pikapu nyeupe yenye injini ya Mzee Eginald. Watakuonyesha nyumba yangu. Wengine watacheka kwanza ndipo wakuonyeshe. Ninayechekwa ni mimi, na kama kisa hiki kingekuwa cha kutunga, ningejitungia nafasi nzuri zaidi ndani yake. Nani hukaa chini akabuni uongo wa kujiaibisha mwenyewe?

Pikapu yangu ni ya toleo jipya, ile yenye injini inayoendeshwa na kompyuta. Niliinunua kwa ajili ya kubeba mbao, na Jumapili niliyoipeleka kanisani ibarikiwe nilijiona mtu kati ya watu. Haukupita muda injini ikafa. Mafuta machafu, alisema Osmund, fundi wangu wa Msamala.

"Injini hizi ni kama wageni wa mjini," akasema huku akijifuta mikono kwa gunia. "Ukiwapa maji ya kisima wanaugua. Tafuta ya toleo la zamani, gari hilihili. Nikikata kidogo hapa na kuchomelea kidogo pale, inaingia."

Karibu nasi ilikuwapo moja tu, ya jirani yetu Mzee Eginald. Mzee alikuwa amefariki masika ya mwaka uliotangulia. Nilipita mbele ya jeneza lake likiwa wazi nikamwona amevaa koti lake la kijivu, na nilitupa udongo kaburini kwa mkono wangu huu. Hilo ulishike, tutalihitaji. Pikapu yake ilikuwa ya aina moja na yangu, ila ya zamani. Ilibaki nyuma ya nyumba, bodi imeliwa na kutu, kuku wanatagia kitini. Injini ilikuwa nzima. Matogoro yote iliujua mngurumo wake, kwa kuwa Mzee ndiye aliyekuwa akiwashusha wagonjwa na wajawazito hospitalini. Uliposikia sauti ile alfajiri, ulijua kuna mtu anazaliwa au anakufa.

Mjane wake, Bibi Kolumba, alikubali kuniuzia. Nilimwamkia, akaitikia.

"Mwenyewe hakupenda iharakishwe," akasema. "Alikuwa anaisalia Salamu Maria moja nzima ndipo anaiwasha. Na wewe uisalie."

"Sawa, bibi."

"Usiniambie sawa. Uisalie."

Nilimhadithia Osmund nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alinieleza kwamba injini ya dizeli ya zamani hutaka kupashwa moto kwanza, hasa kwenye baridi yetu ya Juni na Julai, na Salamu Maria isiyokimbizwa ndiyo muda wake hasa. Akanifungia kitufe cha kuipashia moto chini ya usukani.

"Bonyeza, shikilia, sali, ukifika Amina washa. Nina mteja Mwislamu, yeye anasoma Alhamdu. Inawaka vilevile. Injini haina dhehebu. Ila usikatishe katikati."

Injini ilikaa ndani ya gari langu kama iliyozaliwa humo. Kitu kimoja tu kiligoma. Kwenye dashibodi, taa ndogo ya njano yenye picha ya injini haikuzimika. Osmund alisema kompyuta ya gari bado inaitafuta injini yake na haiioni. Nilizoea kuendesha na kile kijicho cha njano kikinitazama.

Kusali sikusali. Ningeanzaje, mbele ya vijana wa kupakia mbao? Nilibonyeza, nikahesabu harakaharaka, nikawasha. Iliwaka kwa kukohoa, ikatoa moshi mweupe, vijana wakaniuliza kama nimepakia mgonjwa wa kifua. Nikaona hayo yanavumilika.

Sasa ikaja Julai. Mke wangu, Gaudensia, alikuwa na mimba iliyofikia mwisho. Iliyotangulia tulikuwa tumeipoteza, na kwa miezi yote hiyo tuliishi kwa kunong'ona, kana kwamba kelele ingemwamsha mtoto kabla ya wakati. Uchungu ulimwanza alfajiri, kabla jua halijatoka, ukungu umeteremka kutoka mlimani mpaka kwenye vizingiti vya milango. Nilimpandisha mbele, nikamfunika blanketi, tukaondoka.

Penye kona ya misonobari nilifunga breki kwa sababu sikuiona barabara. Injini ikazimika.

Nikabonyeza kitufe, nikahesabu, nikawasha. Kimya. Nikarudia. Betri ikaanza kuchoka, ikitoa ile sauti ya mtu anayeburuta miguu. Gaudensia alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Isalie," akasema.

"Hebu nyamaza, Gauda."

Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyomjibu mke wangu akiwa na uchungu. Na si hilo ninalolionea aibu zaidi.

Mtu alitokea upande wangu. Nilidhani ni mkata kuni. Alikuja taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti kama unavyomshika ng'ombe mgonjwa, akakiacha hapo. Kisha akaja dirishani. Koti la kijivu. Sura ile niliyoiona mara ya mwisho katikati ya pamba na maua. Mimi na Gaudensia tulikuwa tunatoa mvuke kila tunapopumua. Kinywani mwake hamkutoka kitu.

"Shikamoo," nikasema. Ulimi ulijisemea wenyewe.

"Marahaba," akaitikia Mzee Eginald. "Umeisumbua." Akafungua mlango wangu. "Sogea, baba."

Kiti cha mbele cha pikapu yangu ni kimoja kirefu, kinatosha watu watatu. Nilichotakiwa kufanya ni kusogea. Kiuno kimoja, upande wa kushoto, nikae katikati, nimshike mke wangu. Niamini, nimesogea mara nyingi tangu siku ile, kitandani, gizani, peke yangu.

Siku ile niliruka. Nilimpita ubavuni, na mahali alipokuwa amesimama palikuwa baridi kuliko ukungu. Nikakimbilia kwenye misonobari. Nilimsikia Gaudensia akiniita kwa jina langu la ubatizo, lote, ambalo huwa halitumii. Sikugeuka.

Niliposimama nilikuwa na kandambili moja. Kimya kilikuwa kikubwa hata niliyasikia matone yakianguka kutoka kwenye miti. Ndipo nikasikia sauti ya mzee, bila haraka, akianza Salamu Maria. Alipofika katikati alinyamaza, kama mtu anayengoja wenzake jumuiyani. Ikaitikia sauti ya mke wangu, imekatikakatika kwa uchungu, sehemu ya pili mpaka Amina. Injini ikawaka. Haikukohoa. Ilinguruma ule mngurumo wa miaka yote, ikateremka mjini, na mimi nikabaki nimeukumbatia mti.

Nilifika hospitalini kwa miguu, jua limeshatoka, matope mpaka magotini. Pikapu ilikuwa uani, imeegeshwa kinyumenyume, uso umeelekea barabarani. Mimi siegeshi hivyo. Mzee ndiye aliyeegesha hivyo, ili akihitajika aondoke upesi. Niligusa boneti. Ilikuwa ya moto.

Muuguzi alinitazama miguu kabla ya uso.

"Baba mtoto ndiye wewe? Pita. Mtoto alikuja vibaya, ametanguliza matako. Mngechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Mshukuruni yule babu yenu."

"Yuko wapi?"

"Amesema anakwenda kuzima gari."

Gaudensia alikuwa amelala, mtoto kifuani. Wa kiume, mzima, amekunja ngumi kama mtu mwenye kesi. Nilikaa pembeni ya kitanda. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ulikwenda wapi?" akauliza.

"Kutafuta msaada."

Alinitazama, akamhamishia mtoto kwenye ziwa la pili.

"Nilimjua tangu alipogusa boneti," akasema. "Nilimwogopa kuliko ulivyomwogopa wewe. Lakini mimi ningekimbilia wapi?"

Aliniambia kwamba njia nzima Mzee alisema mara moja tu, akamuuliza kama anakwenda kasi mno.

Tulipowasha gari kurudi nyumbani, kile kijicho cha njano hakikuwaka. Nilimpelekea Osmund, akachomoa taa, akaipima, nzima. Akachungulia nyaya, zote ziko alivyoziacha. "Mimi sijagusa kitu," akasema, akarudi hatua moja nyuma. Kompyuta imeacha kutafuta. Imeshajua ni injini ya nani.

Bibi Kolumba alikuja kumtazama mtoto, amebeba unga wa ulezi. Sikumweleza lolote, lakini alikuwa ameusikia mngurumo ukishuka alfajiri ile, na mengine aliyasikia kwa Gaudensia. "Hakuwahi kumfukuza mtu kwenye gari lile," akaniambia mlangoni. "Ungekaa tu." Mtoto tumemwita Eginald. Watu wakiuliza jina la nani, Gaudensia husema, "La aliyetuleta hospitali," nami hujifanya natafuta funguo.

Siku hizi ninasali. Kwa sauti, mbele ya vijana wa mbao, na hawacheki tena, wengine huitikia. Lakini kila asubuhi ninapompeleka mke wangu sokoni, kabla sijagusa kile kitufe, yeye hunyoosha mkono kupita kifuani pangu, akaibonyeza loki ya mlango wangu. Kisha hutazama mbele, akangoja nianze.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ambaye injini yako imekufa na fundi amekwambia ya zamani inaingia: inaingia kweli, usiogope. Lakini usiishie kuuliza imetembea kilomita ngapi. Uliza ilikuwa ya nani, na aliiamshaje asubuhi, nawe uiamshe hivyohivyo hata watu wakikutazama. Na ikitokea mwenyewe amekuja kwenye ukungu, amefungua mlango, anataka kiti chake, mwamkie umpishe. Sogea. Katikati pana nafasi. Ila kwa ajili ya huyo aliyekaa kushoto kwako, usishuke.