Siku Walipong'oa Nguzo Zetu za Goli

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Jumamosi jioni, baba yake akiwa kwenye banda la video anatazama mpira wa Uingereza. Walipompelekea habari hakuuliza kama mimi ni mzima. Alipanda juu ya benchi akawatangazia wenzake kwamba amezaliwa mshambuliaji. Mtu akamwambia mtoto ni wa kike. "Haya," akasema, "mshambuliaji atakuja wa pili." Banda zima likacheka. Nilisimuliwa hayo na jirani aliyeyaona ni mambo matamu, akabaki anashangaa mbona mimi sicheki.

Tunduma wakati huo ilikuwa bado ya mkoa wa Mbeya. Tulipanga chumba karibu na barabara ya malori, jirani na duka la kanda na CD lililotoa spika zake mlangoni. Muziki wa Dar, wa Kongo na wa ng'ambo ya mpaka ulitupigia kutwa. Kabla sijazaa niliupenda, nilikuwa naosha vyombo huku nacheza. Nilipozaa ndipo nilipoanza kusikiliza maneno. Nimekaa mkekani, mtoto yuko kwenye titi, kijana anaimba kwamba mwanamke ni kiuno, mwanamke ni tamaa, mwanamke hatosheki. Na mimi huyu mwanamke nimempakata, hata shingo yake haijakaza. Siku moja nilitoka nikamwomba mwenye duka apunguze sauti.

"Shemeji," akaniambia, "huu ndio unaotamba sasa hivi."

Akaongeza sauti.

Mume wangu alikuwa fundi wa matairi ya malori. Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Lakini alimnunulia mtoto jezi ya timu yake ya Dar kabla ya kofia ya baridi, na baridi ya kwetu kila mtu anaijua. Kila jioni alikwenda kucheza mpira na mafundi wenzake kama vile nyumbani hakuna kilichobadilika. Mimi nilikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya wanawake wa sokoni, na tangu nijifungue watu waliuzungumza mchezo wangu kama wanavyomzungumza marehemu. "Ulikuwa unafunga wewe!" wananiambia. Ulikuwa. Mume wangu hakuna aliyemwambia alikuwa.

Mama mkwe alishuka kutoka kijijini kwao Ibaba, milimani, kuja kunisaidia uzazi. Alikuwa mwanakwaya, mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kindali, lugha ya kwao. Nilimwogopa. Niliposikia kuna bonanza la mpakani, na kwamba sisi tutacheza na wanawake wa Nakonde, upande wa Zambia, nilizunguka siku nzima kabla ya kumwambia. Nilijua atanikemea. Aliendelea kuchambua maharage, kisha akauliza, "Mgongo bado unakuuma?"

"Umepona, mama."

"Basi nenda ukacheze. Nitamleta mtoto uwanjani."

Bonanza liliandaliwa na kampuni ya vinywaji. Sisi tulipangiwa mchana wa jua kali, mafundi na wapakuaji mizigo wangecheza mpira alasiri, na katikati angepanda msanii kutoka Dar. Nilijifunga kanga tumboni ndani ya fulana, maziwa yananivuja hata kabla ya filimbi. Mipira yangu ya mwanzo ilipita mbali na pete, na kuna wanaume pembeni walifurahi sana. Kisha mkono ukakumbuka. Robo ya tatu tulikuwa mbele, nami nimesimama chini ya goli, mpira juu ya kichwa, nataka kurusha, ndipo spika zikanguruma.

"Akina mama, mmetuburudisha, tunawashukuru sana. Sasa naomba mtupishe, gari la msanii limeshafika!"

Nilidhani ni mzaha. Lakini vijana wa jukwaa waliingia na sururu, wakaanza kuing'oa nguzo niliyokuwa naitazama. Nikamfuata mshereheshaji na mpira wangu mkononi.

"Kwani mechi imeisha?"

"Dada, msanii ana ratiba."

"Na sisi?"

"Nyie soda zenu zipo."

Mume wangu alikuwa palepale na wenzake. Alipokuja nilijua anakuja kunitetea. "Mama mtoto, yaishe," akasema. "Watu wamemfuata msanii. Halafu na sisi mechi yetu itachelewa."

"Wakija kung'oa goli lenu, utasema yaishe?"

Akacheka. "Letu haling'oki, limechimbiwa."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule, na watoto wangu hawajui.

Nahodha wa Nakonde, mwanamke mrefu aliyeuza samaki wakavu ng'ambo, alinisogelea. "Bamayo," aliniita, kwa heshima kama wanavyomwita mama kwao, "uwanja mwingine hamna?" Nikamwambia upo wa shule ya msingi, ng'ambo ya barabara. "Natuye, twende," akasema, na hakungoja nimjibu: alishika nguzo iliyolala chini, akaibeba begani. Mwenzake akaenda kuing'oa ya pili. Tukavuka barabara katikati ya malori yaliyosubiri kupita mpaka, timu mbili, nguzo mbili, mama mkwe nyuma na mtoto mgongoni. Mwamuzi alisita, akatazama jukwaa, akatufuata.

Tulichimba kwa mawe. Kabla ya kuanza nilikaa chini nikanyonyesha, na hakuna aliyenihimiza. Kule tulikotoka msanii alikuwa ameanza. Mara CD yake ikakwama, neno moja likawa linajirudia kama mtu mwenye kwikwi, na yeye sauti yake mwenyewe haikusikika hata kidogo. Mama mkwe, aliyezoea kuimbia kanisa zima bila kipaza sauti, alicheka mpaka akashika ukuta wa darasa.

Tulifungwa kwa goli moja. Mpira wa mwisho ulikuwa wangu, ukakigusa chuma cha pete na kutoka. Nililia hadharani.

Mume wangu alirudi magharibi na vumbi lake, amefurahi, wameshinda. "Hongereni," akaniambia. "Mshereheshaji ametangaza mmetoka sare."

"Tumefungwa!" Nilipiga kelele hadi mtoto akashtuka. "Tumefungwa kwa goli moja na mimi ndiye niliyekosa! Nani alikuwepo akaona sare? Wewe ulikuwepo?"

Alimtazama mama yake, akitegemea huko ndiko atakapopata mtetezi. Mama mkwe alikuwa anakunja nepi.

"Kesho jioni mtoto unabaki naye wewe," akamwambia. "Mwenzako anakwenda mazoezini."

"Mama, kesho tuna mechi ya kirafiki."

"Waambie umezaa."

Jioni iliyofuata nilimkabidhi mtoto. Alimshika mikono imenyooka, kama mtu aliyeshikishwa sufuria ya moto, na sikuwa nimefika hata kwenye duka la CD mtoto akaanza kulia. Matiti yalinijaa palepale. Nilimsikia analia, nikamsikia baba yake anaita jina langu, mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili si kwa utani. Sikugeuka. Nilivuka barabara, bado nimekasirika, nikawakuta wenzangu wameshaanza kukimbia.